Beji ya Mkwe

"Vua aproni uje ofisini, mwanangu," Bwana Kombo alimwambia Tumpe, na hilo mwanangu ndilo lililomtia hofu. Mkuu huyu wa kitengo cha eksirei hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa Mpemba aliyepangiwa kazi kwenye baridi ya Mbinga miaka mingi nyuma, na mpaka leo aliongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya maji. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi la korido walisikia utani wake wote kabla hata hawajaitwa. Siku hiyo alinong'ona.

Tumpe akavua ile aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, nzito kama debe la maji, akaitundika na kumfuata. Bwana Kombo akafunga mlango wa ofisi, nao mlango wenyewe haukuzoea kufungwa, ikabidi ausukume kwa bega.

"Majibu ya beji yamerudi," alisema. "Za wote safi. Yako imesoma juu."

"Juu kiasi gani, Mwalimu?"

"Juu kiasi kwamba mimi niliyezeeka na mashine hii sijapata kusoma hivyo. Niambie ukweli. Uliingia chumbani mashine ikipiga?"

"Hata siku moja."

"Ulimshikilia mtoto anayelia wakati wa picha?"

"Hapana."

"Uliisahau beji mezani mle ndani?"

"Sikuisahau, Mwalimu. Naijua beji yangu ilipo kuliko simu yangu."

Beji yenyewe ni kitu kidogo, ukubwa wa kiberiti, na kila anayefanya kazi kwenye mionzi huibana kifuani. Haimkingi mtu na lolote. Inahesabu tu: mionzi iliyoipiga inabaki humo ndani, na kila baada ya miezi kadhaa beji zinakusanywa, zinapelekwa kusomwa, na watu wanapewa nyingine. Hiyo ni karani, si askari. Na karani huyu alikuwa amemwandika Tumpe vibaya kwa ile miezi iliyoishia Juni.

Bwana Kombo alikuna kidevu. "Utaratibu unaujua. Mwenye hesabu kama hii haingii chumba cha mashine mpaka ieleweke imetoka wapi. Na chuo nimekwisha kuwaarifu, sikuwa na hiari. Wanataka maelezo kabla ya mtihani wa mwisho. Yasipopatikana, watakuandika mzembe wa usalama, urudie mwaka."

Mwaka wa tatu huo, muhula wa mwisho. Kilichobaki kati ya Tumpe na stashahada yake kilikuwa ni mazoezi haya ya hospitalini na mtihani wa Septemba. Alitaka kusema neno la mtu mzima, neno la mtaalamu, likakosekana. Akasema tu, "Sikufanya, Mwalimu," na machozi yakamtoka mbele ya kalenda ya duka la mbolea iliyotundikwa ukutani.

"Najua hukufanya. Lakini beji haijui kusengenya, binti yangu. Kuna mahali imepigwa. Katafute."

Kuanzia mchana huo Tumpe alikaa dirishani kuandikisha wagonjwa, na Careen, mwanachuo mwenzake, akachukua nafasi yake ndani. Careen hakuwa msichana mbaya. Ila alipokuja kuchukua kalamu alinyoosha mkono kwa mbali, kama mtu anayechukua kitu kwa mgonjwa wa kipindupindu. Tumpe aliuona ule mkono, akauweka moyoni.

* * *

Nyumba ya wakwe zake ilikuwa kwenye mteremko nje kidogo ya mji, imezungukwa na mibuni. Agosti ni mavuno, na vichanja vya kuanikia kahawa vilijaa uani hata mtu akapita ubavuubavu. Waliishi wanne: Tumpe, mumewe Nathaniel aliyekuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa, mama mkwe Walburga, na baba mkwe, Mzee Adolf.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo, maana bila hili hutaelewa lolote. Tumpe alikuwa Mnyakyusa wa Kyela, amelelewa na bibi, na bibi yule alikuwa wa kale hasa. Alimfundisha kwamba mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona njiani anapisha. Hasemi naye ana kwa ana. Na jina lake, hata likiwa jina la mtakatifu, halitoki mdomoni. Mabinti wengi wa Kyela siku hizi wanayacheka mambo hayo na kula meza moja na wakwe zao. Tumpe hakuweza. Alipoletwa Mbinga akaanza kujibanza nyuma ya milango na kuangalia miguu ya watu.

Wamatengo wa nyumba ile mwanzoni walishangaa. Mzee Adolf hakuishi kwa adabu za namna hiyo, na wakwe zake wengine walimtania mpaka akakimbia. Lakini mtu mzima akionja heshima, we acha tu. Baada ya miezi michache alikuwa ameipenda hiyo adabu ya Kinyakyusa kuliko Wanyakyusa wenyewe. Alikohoa kabla hajakunja kona ya nyumba yake mwenyewe. Maneno yote kwa mkwe aliyapitisha kwa mkewe, hata Tumpe akiwa hatua tatu tu kutoka hapo: "Mama Nathaniel, mwambie mkwe mchuzi ulikuwa mzuri." Mkewe asipokuwepo, alisema na kuku. "Kuku," angesema uani, akitazama pembeni, "laiti mtu angejua kuwa nina kiu." Na maji yangefika, yamewekwa juu ya kigoda, mletaji keshaondoka.

Adabu hiyo Tumpe alikwenda nayo hadi kazini. Mwezi wa sita aliletwa mzee mmoja wa Namswea aliyeanguka na kuumia mkono, naye jina lake Adolf. Sheria ya kazi ni kwamba mgonjwa anaitwa jina lake kamili, anaitika, ndipo anaingia, asije akapigwa picha mtu mwingine. Tumpe alitoka koridoni akasema, "Mzee mwenye koti la kahawia." Wakasimama wazee watatu. Bwana Kombo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. "Siku moja utanipigia picha mguu wa mtu asiyehusika kwa ajili ya heshima," alisema. "Jina ni nusu ya kazi hii, Tumpe. Ukishindwa kuita jina, bado hujawa mtaalamu." Akaenda kumwita mwenyewe.

Jioni hiyo ya beji Tumpe alimkuta mama mkwe jikoni anachambua maharage. Alitaka kunyamaza mpaka Nathaniel arudi, lakini mama Walburga alikuwa na macho.

"Umelia," mama alisema.

"Moshi, mama."

"Moto sijawasha."

Basi akamweleza. Mama Walburga alisikiliza huku vidole vikiendelea kuchambua, vikapunguza mwendo, vikasimama. Kwa miaka miwili ya ndoa hii alikuwa ametazama tumbo la mkwewe kama mkulima anavyotazama mawingu ya Novemba, bila kusema neno la kuumiza, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa maneno ya kuumiza. Lakini siku moja alishawahi kuuliza kama hayo mamionzi hayaingii tumboni. Tumpe alimweleza habari za ukuta, za umbali, za aproni ya risasi. Mama akaitikia tu kwa adabu, uso haujatulia. Mwishowe Tumpe, kwa kuchoka, akashika beji kifuani. "Nina hii, mama. Hii inanilinda."

"Kama medali ya Bikira Maria?"

"Kama hiyo hiyo."

Ulikuwa uongo mdogo wa kumtuliza mtu mzima alale, na mama alilala. Nje ya dirisha, siku hiyo, Mzee alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Si ulisema inakulinda?" mama Walburga aliuliza sasa.

"Nilisema, mama."

"Basi imechoka," mama akasema. Akafuta macho kwa kanga, akaendelea na maharage, na Tumpe alijisikia vibaya kuliko alivyojisikia mbele ya Bwana Kombo.

Nathaniel aliporudi hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono bado ina grisi, akasema polepole kwamba kazi za hospitali ziko nyingi, si lazima hii. Kwamba mtu anaweza kusomea uuguzi, au maabara, mahali pasipo na moto usioonekana.

"Nathaniel, unataka niache?"

"Sijasema uache. Nasema kama imekupiga kweli?"

"Haijanipiga."

"Beji inasema imekupiga."

Tumpe akageukia ukutani akiwa na hasira na beji, na chuo, na mume huyu mpole anayemfukuza shule kwa sauti ya kubembeleza. Aliipenda kazi ile. Alipenda dakika ile mtu anapolala mezani na maumivu asiyoweza kuyaeleza, na baada ya muda picha inatokea kwenye kioo, na kumbe alikuwa anasema kweli, mfupa umepasuka pale pale alipokuwa anaonyesha. Hakuna kazi nyingine aliyoiona yenye heshima hiyo kwa maskini.

* * *

Habari za nyumba hazikai nyumbani. Jumapili baada ya misa alikuja Cleopa, mdogo wake Mzee, na wanaume wengine wa ukoo, wakakaa sengu. Zamani sengu ilikuwa kila siku: wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mkubwa wao na kumaliza mambo yao hapo hapo. Siku hizi watu wana kazi mjini, imebaki ya Jumapili na ya matatizo. Ugali ukawekwa, maharage yakawekwa, na samaki mbasa aliyetumwa kutoka Mbamba Bay na Katarina, dada yao aliyeolewa ziwani. Watu wakanawa.

Cleopa ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kupingwa.

"Mimi sina ubaya na mkwe wetu," alisema. "Ana adabu, ana bidii, na kahawa amejifunza kuichuma. Lakini mtu akiungua jikoni hatumwambii arudi kupika kabla kidonda hakijapona. Apumzike. Azae hata mmoja. Chuo hakihami."

Wengine wakaguna kukubali. Nathaniel alikuwa anakanda tonge ambalo halikwenda mdomoni. Mzee Adolf, mwenye nyumba, alikaa upande upande kwenye kiti, mkono mmoja nyuma ya kiuno, macho chini. Tangu Mei mgongo ulikuwa unamsumbua. Alikuwa ameteleza na kiroba cha kahawa mbichi, na mkewe alimwimbia siku nyingi aende hospitali kwa mkwe akapigwe picha.

"Nikalale mbele ya mkwe nimevua shati?" Mzee alikuwa akijibu.

"Mficha uchi hazai," mkewe alimwambia.

"Mimi nilishazaa," akasema Mzee, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Na mwenyewe aitwe aseme," Cleopa alisema sasa. "Asije akasema tumemhukumu jikoni."

Tumpe akaitwa. Alisimama mlangoni, akapiga goti, macho kwenye mkeka. Mama Walburga akasimama nyuma yake.

"Mama Nathaniel," Mzee alisema, "muulize mkwe kama anajua jambo hili lilivyotokea."

"Unajua lilivyotokea?" mama aliuliza, kana kwamba Tumpe hakusikia.

"Sijui, mama. Lakini nimefikiri siku zote hizi. Beji ikihesabu, imehesabu kitu cha kweli. Kazini sikupigwa, hilo naweza kuapa. Kuna wiki moja tu ambayo beji ilibaki nyumbani na mimi sikuwa nayo. Wiki ile ya Mei chuo walipotuita Songea. Niliiacha kwenye koti langu jeupe, hapo." Akaonyesha msumari wa ukuta wa sebule bila kuinua macho. "Lakini hapa nyumbani hakuna mashine. Kwa hiyo sijui."

Tonge la Mzee Adolf likaanguka kwenye mchuzi.

Kisha akashika magoti, akasimama kwa shida, akaingia chumbani kwake. Walimsikia anasogeza sanduku. Cleopa alimwangalia Nathaniel, Nathaniel akainua mabega. Mzee akatoka na bahasha kubwa ya kaki iliyokunjwa kona, na mama Walburga, kwa mazoea, akanyoosha mkono apokee ili apitishe. Mzee akampita. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, akaiweka bahasha mkononi mwa Tumpe, mkono kwa mkono.

"Mkwe," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Mionzi hiyo si yako. Ni yangu."

Cleopa akalirudisha tonge lake sahanini.

"Mgongo ulinishinda," Mzee aliendelea, akiutazama msumari badala ya mkwe. "Hapa Mbinga nisingeweza, unajua mwenyewe kwa nini. Ulipokwenda Songea nikasema ngoja niende kwa Katarina, nikapige picha kule ziwani, nirudi na samaki, nani atajua. Lakini niliiogopa ile mashine. Na nilishakusikia dirishani ukimwambia mama yako kwamba hicho kitu kinalinda. Nikakichukua. Nikakibana ndani ya suruali, kiunoni nyuma, hapa panapouma."

"Baba," Nathaniel alisema.

"Niache nimalize. Daktari yule kijana aliniambia nivue vyuma vyote. Nikavua mkanda, nikavua saa, nikavua hata rozari. Hicho sikuvua, maana ndicho kinga. Alipotoa picha, akaja nayo, akaniambia taratibu watu wasisikie, 'Mzee, hirizi yako imetokea.'" Akagusa kiuno. "Mimi, mzee wa kanisa, nimevaa hirizi. Sikumjibu. Ningesema nini? Kwamba si hirizi, ni beji ya mkwe wangu niliyoitoa kwenye koti lake akiwa hayupo? Nikaondoka na picha yangu, nikaificha. Beji nikairudisha kabla hujarudi. Na tangu uje na habari hii chakula hakishuki, kila jioni nasema kesho nitasema. Leo wanakutoa shule kwa ajili ya kiuno changu."

Cleopa alianza kikohozi kilichokuwa kicheko. Akajaribu kukimeza na mbasa, kikamshinda.

"Cheka tu," alisema Mzee.

Tumpe akaitoa filamu. Alisimama, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango, kwa utulivu, maana hii ilikuwa kazi anayoijua. Huu uti wa mgongo. Hizi nyonga. Na pale chini, juu ya pingili kabisa, kivuli cheupe cha mraba chenye kibanio chake, kimelala kidogo upande. Kitu alichokuwa akikibana kifuani kila asubuhi angekitambua hata gizani.

Alicheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Miaka miwili hakuwahi kumtazama mtu huyu juu ya magoti, na sasa alikuwa anamwona mpaka mifupa.

"Ni yenyewe," alisema. Akageuka kwa mama mkwe. "Mama, na mimi nina kosa. Nilikudanganya. Beji hailindi mtu. Nilitaka tu ulale."

"Hailindi kitu?"

"Inahesabu tu."

Mama Walburga akaitazama ile filamu, akamtazama mumewe. "Basi imehesabu uongo wa watu wawili," alisema.

"Na mgongo wake?" mmoja wa wanaume akauliza. "Unasemaje?"

"Kusoma ni kazi ya daktari, baba. Mimi ni wa kupiga picha." Akasita. "Lakini beji imekaa palepale panapotakiwa kutazamwa. Hii haitamsaidia. Itabidi apigwe nyingine."

Mzee Adolf akaketi taratibu. Cleopa akajifuta macho, akajaribu kurudi kwenye hoja yake, maana hoja nzuri ni vigumu kuiacha njiani. "Sawa, hesabu ni safi. Lakini suala la mtoto..."

"Baba mdogo," alisema Nathaniel. Hakuwa ameongea tangu sengu ianze, isipokuwa lile neno moja, na wote wakamgeukia. "Mtoto atakuja akiwa tayari. Mtihani una tarehe yake. Na mimi niliyemwambia mke wangu aache nilikosea, namwambia hapa mbele yenu. Tule, ugali unapoa."

Wakala. Tumpe alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda, amekumbatia bahasha, na alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

* * *

Jumatatu Bwana Kombo aliiweka filamu kwenye taa ya kusomea, akainama, akavaa miwani, akainama tena. Kisha kicheko chake kikatoka, kikafika koridoni, kikavuka hadi wodi ya akina mama.

"Kiunoni," alisema alipopata pumzi. "Wallahi, nimefundisha wanafunzi wasiweke beji mfukoni, wasiweke kwenye pochi, wasiiache garini. Kiuno cha baba mkwe sikukifikiria." Akapiga picha filamu kwa simu, akaandika maelezo, akafunga tena ule mlango wake mbovu, akawapigia chuo. Wote nje walisikia kila neno hata hivyo. Careen akaja dirishani na vikombe viwili vya chai, akaweka kimoja mbele ya Tumpe, akakaa karibu mpaka mabega yakagusana. Hakusema samahani, lakini Tumpe aliinywa chai.

Jibu la chuo lilikuja wiki hiyohiyo. Maelezo yamepokelewa, mwanafunzi arudi chumbani, na aonywe juu ya kuacha beji mahali pasipo salama. Bwana Kombo alimwonya hapo hapo, kwa sauti ya ng'ambo ya maji, mpaka mlinzi wa getini akajua.

Asubuhi iliyofuata Tumpe alivaa aproni akahisi uzito wake mabegani kama mtu aliyerudishiwa koti lake. Bwana Kombo aliingia na karatasi kutoka kwa daktari.

"Mgonjwa wako wa kwanza huyu. Mgongo, sehemu ya chini. Picha aliyonayo ina uchafu." Akampa. "Nimwite mimi?"

Tumpe akalisoma jina. Akachungulia mlangoni. Kwenye benchi, katikati ya mama mwenye mtoto na kijana mwenye bandeji, alikaa Mzee na koti la kanisani, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo. Mama Walburga yuko pembeni yake na kikapu. Hakuna aliyewalazimisha. Nathaniel alimwambia baadaye kwamba Mzee aliamka mwenyewe, akaoga, akasema, "Kama kuonwa, nilishaonwa."

Alimfikiria bibi yake kule Kyela, na jinsi ambavyo angeziba masikio. Akafikiri pia kwamba bibi hakuwahi kuona kivuli cha beji juu ya mgongo wa mtu aliyeona haya kupita kiasi.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Nitamwita."

Akatoka koridoni, akasimama wima, akamtazama usoni. Uso wenyewe, kumbe, ulikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na ulifanana na wa Nathaniel.

"Adolf Ndunguru," aliita.

Mama Walburga alifunika mdomo kwa kanga. Mzee akasimama, fimbo mkono huu, akavua kofia kwa mkono ule.

"Ndiyo mimi, mkwe," akaitika, na benchi zima likasikia. "Na leo sina kitu kiunoni."

Tumpe akampisha apite, akafunga mlango, akamwonyesha meza.